Kabla ya Kioo, Mchanga: Mtoto Ajifunze Kufikiri kwa Kucheza



Leo ninapenda tutazame pamoja jambo ambalo, kwa mtazamo wa haraka, laweza kuonekana si la padre kulisemea: namna ya kuwafundisha watoto wadogo ile mbinu ya kufikiri ambayo imezaa kompyuta na programu zake. Lakini parokia zetu nyingi zina shule za chekechea, na humo wamo watoto wa miaka mitatu hadi sita ambao wazazi wao wametukabidhi kwa imani kubwa. Tukiwalea vibaya katika miaka hiyo, hakuna mtihani utakaotufunulia kosa hilo mapema. Tutaliona wakiwa wamekwisha kukua. Wahenga walituasa kwamba udongo uwahi ungali maji.

Siku hizi, katika vikao vya wazazi, swali moja hurudi mara kwa mara: je, chekechea ichangishe fedha za kununua vishikwambi, ili watoto wetu wasiachwe nyuma na dunia ya kompyuta? Ni swali halali, na mzazi anayeliuliza anasukumwa na upendo. Naomba nilitangulize jibu langu, ili msomaji ajue mapema ninakoelekea. Kwa maoni yangu, shilingi ya kwanza imwendee mwalimu na mchezo. Kifaa kije baadaye. Misingi ya fikra ya kompyuta yaweza kufundishwa bila kuigusa kompyuta, na mtoto mdogo huipokea vizuri zaidi kwa miguu yake, mikono yake, mchanga na kokoto.

1. Fikra za kikokotozi ni nini?

Mwaka 2006 Jeannette Wing, mwalimu wa sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani, aliandika makala fupi iliyosomwa sana. Hoja yake ilikuwa kwamba namna ya kufikiri ya wanasayansi wa kompyuta ni stadi inayomfaa kila mtu, kama vile kusoma, kuandika na kuhesabu. Stadi hiyo ndiyo ninayoiita hapa fikra za kikokotozi. Tuwe waangalifu tangu mwanzo: maana yake siyo mtu afikiri kama mashine. Mashine haifikiri. Maana yake ni mtu kulipanga tatizo kwa uwazi kiasi kwamba hata asiyejua lolote, akifuata maelekezo, aweze kulitatua.

Walimu wengi huigawa stadi hii katika sehemu nne. Sehemu ya kwanza ni kulivunja tatizo kubwa katika vipande vidogo. Ya pili ni kutambua mfanano, yaani kuona kile kinachojirudia. Ya tatu ni kuchuja, yaani kushika lililo la lazima na kuacha lisilohitajika. Ya nne ni kupanga hatua kwa utaratibu usio na utata, kutoka mwanzo hadi mwisho. Mpango huo wa hatua huitwa algoriti, neno lililotokana na jina la mwanahisabati al-Khwarizmi aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9.

Msomaji asitishwe na majina haya. Mtazameni mama aliyekabidhiwa kupika ubwabwa wa sherehe ya kipaimara. Huigawa kazi: wa kuchambua mchele, wa kukuna nazi, wa kuchochea moto. Hujua kipimo cha sufuria moja, kisha akakirudia kwa sufuria zote. Haulizi wageni wanatoka jumuiya gani. Huuliza ni wangapi. Tena hujua kwamba mchele hautangulii maji kuchemka. Mama huyo ana sehemu zote nne, ingawa hakuna aliyemwambia jina lake. Kinachotakiwa ni kuwapa watoto wetu kwa makusudi kile ambacho mama huyo alikipata kwa miaka mingi ya uzoefu.

2. Mchezo si kupoteza muda

Hapa nagusa donda. Wazazi wengi wakipita chekechea na kuwakuta watoto wakicheza, huondoka wamenuna. Husema: "Nalipa ada mtoto acheze? Kucheza si angecheza nyumbani?" Kwa sababu hiyo baadhi ya shule, zikihofia kupoteza wanafunzi, humkalisha mtoto wa miaka minne kwenye dawati kwa saa nyingi akinakili herufi, na jioni zikampa kazi ya nyumbani ambayo hatimaye huandikwa na dada yake.

Tulipokuwa seminarini tulifundishwa kwamba Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika sehemu ya pili ya kitabu chake kikuu cha teolojia, aliuliza iwapo mchezo waweza kuwa na fadhila. Akimfuata Aristotle, alijibu kwamba waweza, kwa kuwa roho huchoka kama mwili unavyochoka, na mchezo wa kiasi huipumzisha. Akaenda mbali zaidi, akasema kwamba hata kukosa kabisa furaha ya mchezo, hadi mtu akawa mzigo kwa wenzake, ni kasoro. Ikiwa mwalimu huyo mkuu, mtu wa vitabu vizito, aliutetea mchezo wa watu wazima, sisi ni nani tuuone aibu mchezo wa mtoto?

Na kwa mtoto mchezo ni zaidi ya pumziko. Mwaka 1837 Friedrich Froebel alianzisha huko Bad Blankenburg, Ujerumani, kituo ambacho kimezaa chekechea zote tunazozijua leo, akiwapa watoto mipira ya nyuzi na vipande vya mbao ili waijue dunia kwa kuipanga na kuipangua. Tarehe 6 Januari 1907, Maria Montessori, daktari na mama Mkatoliki, alifungua Nyumba ya Watoto katika mtaa maskini wa San Lorenzo mjini Roma. Aliona kwamba watoto wa fukara, wakipewa vifaa vya kushika na uhuru wenye utaratibu, huzama katika kazi kwa umakini ambao watu wazima hawakuutarajia. Masista wengi katika nchi yetu huendesha chekechea kwa mwongozo wake hadi leo. Hata mtaala wetu wa elimu ya awali wa mwaka 2016 ulitaka mtoto ajifunze kwa michezo. Kwa hiyo mwalimu anayecheza na watoto hakwepi mtaala, anautekeleza.

3. Kobe anayetii maagizo

Aliyeunganisha mchezo wa mtoto na kompyuta kwa namna ya pekee alikuwa mwana wa Afrika. Seymour Papert alizaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1928. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba akiwa mtoto mdogo sana alipenda mno magurudumu yenye meno, yale yanayozungushana katika mashine, na kwamba baadaye hesabu ngumu alizielewa kwa kuyawaza magurudumu hayo. Alifanya kazi Geneva pamoja na Jean Piaget, mtafiti mashuhuri wa akili ya mtoto, kisha akahamia Marekani. Mwaka 1967 yeye, Wallace Feurzeig, Cynthia Solomon na wenzao walitunga lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto, iliyoitwa Logo.

Sifa ya Logo ilikuwa kobe. Kwanza alikuwa roboti mdogo wa kutambaa sakafuni, mwenye kalamu tumboni. Baadaye akawa alama kwenye kioo cha kompyuta. Mtoto humwambia: nenda mbele hatua kadhaa, geuka kulia. Akirudia maagizo hayo mawili mara nne, kobe huchora mraba. Je, mtoto akitaka duara? Hapo ndipo uzuri wa jambo hili unapoonekana. Papert hakumpa mtoto kanuni ya duara. Alimshauri asimame, ajifanye yeye ndiye kobe, atembee duara na kuuangalia mwili wake unavyofanya. Mtoto hugundua mwenyewe: napiga hatua ndogo, nageuka kidogo, napiga hatua ndogo, nageuka kidogo, narudia hadi nifike nilipoanzia. Mwili wake umempa algoriti.

Papert alifariki mwaka 2016. Fundisho lake kubwa, alilolieleza katika kitabu chake cha mwaka 1980, laweza kusemwa hivi kwa maneno yetu: mtoto ndiye aiendeshe kompyuta, siyo kompyuta imwendeshe mtoto. Tukikishika kipimo hicho, tutatambua mara moja kwamba kishikwambi kinachomtaka mtoto agonge picha ya ng'ombe ili kisikike kilio cha ng'ombe hakimfundishi kufikiri. Kinamfundisha kugonga.

4. Hazina iliyo uani kwetu

Baada ya Papert walitokea walimu wengine waliokwenda hatua moja zaidi na kuiondoa kompyuta yenyewe. Katika miaka ya 1990 Tim Bell wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, pamoja na Ian Witten na Mike Fellows, walikusanya michezo ya kufundishia sayansi ya kompyuta kwa kadi, kamba, chaki na miguu ya watoto. Michezo hiyo imesambaa duniani, nasi twaweza kuicheza chini ya mwembe. Nitaeleza mitatu.

Mchezo wa roboti. Mwalimu huchora mchangani visanduku, tuseme vitano kwa vitano, kisha huweka embe katika kimojawapo. Mtoto mmoja hupanga maagizo kwa kadi za mishale: mbele, kushoto, kulia. Wa pili huyasoma kwa sauti. Wa tatu ndiye roboti, naye hutembea kama alivyoamriwa, asiongeze wala asipunguze. Mara nyingi roboti huishia kwenye kisanduku kisicho na embe, na kicheko husikika hadi barabarani. Kisha huja kazi yenyewe: watoto hurudi kwenye kadi moja baada ya nyingine kutafuta kosa liko wapi. Hakuna anayepigwa, hakuna anayeitwa mjinga. Kadi hurekebishwa na safari huanza upya.

Mchezo wa kupanga. Mwalimu huchora ardhini njia zinazokutana na kuachana. Watoto sita huingia, kila mmoja na kifuko chenye idadi yake ya kokoto. Wawili wanapokutana katika duara, huhesabu. Mwenye chache hushika njia ya kushoto, mwenye nyingi ya kulia. Mchoro ukiwa sahihi, wote hutokea upande wa pili wamejipanga kuanzia mwenye chache hadi mwenye nyingi, ingawa hakuna aliyewapanga. Watoto hushangaa, na mshangao, kama walivyofundisha wanafalsafa wa kale, ndio mwanzo wa hekima.

Mchezo wa kadi. Kwa watoto wa miaka sita zatosha kadi tatu, zenye maharage yaliyobandikwa upande mmoja: 1, 2 na 4. Kwa kufunua baadhi na kufunika nyingine, hupatikana kila namba kuanzia 0 hadi 7. Zikiongezwa ya 8 na ya 16, kadi hizo tano hufika 31. Mtoto anadhani anacheza. Kumbe amekwisha kuiona namna ambavyo kompyuta yoyote huhifadhi namba, yaani kwa wazi na funge tu.

Hiyo ni michezo ya wageni tuliyoikaribisha. Je, ya kwetu? Mtazameni msichana anayecheza mdako. Hurusha kokoto moja juu, huzitoa nyingine shimoni, huidaka ile ya juu, kisha huzirudisha na kubakiza moja nje. Akimaliza zote huanza upya, safari hii akibakiza mbili, halafu tatu. Huko ni kurudia ndani ya kurudia, kwa hesabu inayobadilika kila raundi, jambo ambalo wanafunzi wa vyuo hulihangaikia katika masomo ya programu.

Utazameni mchezo wa bao wa pwani yetu: safu nne za mashimo manane, mashimo 32, kete 64. Bao kamili lenye namua na mtaji ni zito mno kwa mtoto wa chekechea; linawatosha watu wazima. Mtafiti Mholanzi Alex de Voogt aliandika tasnifu yake ya udaktari huko Leiden, mwaka 1995, juu ya ubingwa wa bao, akiwa amewachunguza mabingwa wa Zanzibar. Lakini safu mbili za mashimo machache mchangani zamtosha mtoto wa miaka mitano. Atasambaza kete mojamoja. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, atazichota na kuendelea. Ikiangukia shimo tupu, atalala. "Ikiwa hivi, fanya hivi, la sivyo, fanya vile." Sentensi hiyo ndiyo nguzo ya kila programu iliyopata kuandikwa, na mtoto wetu anaisema kwa vidole.

Tuongeze shanga zinazotungwa nyekundu moja, nyeupe mbili, nyekundu moja, hadi mtoto abashiri inayofuata. Tuongeze ukili unaosukwa kwa kurudia mkunjo uleule mpaka utoke mkeka. Tuongeze vitendawili, ambavyo humlazimu mtoto kuacha sura ya kitu na kushika sifa yake moja tu; huko ndiko kuchuja tulikokutaja hapo juu. Bibi zetu walikuwa nayo haya yote. Sisi ndio tuliodhani kwamba elimu ya kisasa lazima ifike kwa meli.

5. Mchezo hauongozwi na kifaa

Hata hivyo, ndugu zangu, tusidanganyane. Kuwaachia watoto uwanja na kokoto siyo kuwafundisha. Mdako umechezwa vizazi na vizazi, na si kila aliyeucheza alitambua anachokifanya. Mchezo hugeuka somo pale anapokuwapo mtu mzima anayeuliza kwa wakati ufaao. "Umefanyaje hapa?" "Tukianza na hiki, itakuwaje?" "Kuna njia fupi zaidi?" "Unaweza kumweleza mwenzako, bila kumwonesha kwa kidole?" Maswali manne kama haya, yakiulizwa kila siku na mwalimu mvumilivu, yana thamani kuliko kabati zima la vifaa.

Ushahidi upo. Nchi ya Peru ilinunua kompyuta ndogo nyingi mno kwa ajili ya wanafunzi wa shule za msingi, chini ya mpango wa kumpatia kila mtoto kompyuta yake. Mwaka 2012 watafiti wa Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika walitoa matokeo ya uchunguzi uliofanyika katika shule 319 za vijijini. Haki itendeke kwa pande zote: waliona maendeleo fulani katika vipimo vya jumla vya akili. Lakini katika hisabati na lugha hawakuona ushahidi wowote kwamba watoto waliopata kompyuta waliwazidi wale ambao hawakupata. Kompyuta zilifika, mabadiliko ya ufundishaji hayakufika pamoja nazo.

Nasema haya bila kuwabeza waliotangulia katika teknolojia. Jirani zetu wa Kenya walianza mwaka 2016 kupeleka vishikwambi kwa wanafunzi wa darasa la kwanza katika shule za serikali, na mtaala walioanza kuutekeleza mwaka 2019 katika madarasa ya chini uliweka ujuzi wa kidijitali miongoni mwa mambo saba ya msingi ambayo kila mtoto anapaswa kuyamudu. Uingereza, tangu Septemba 2014, watoto huanza kujifunza maana ya algoriti wakiwa na miaka mitano. Dunia inakwenda huko, nasi hatuwezi kujificha. Ninachosisitiza ni mpangilio: kwanza fikra, kisha chombo, kwanza mwalimu, kisha kabati.

Tukumbuke pia kwamba mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kuwa mtoto wa miaka miwili hadi minne asikae mbele ya kioo zaidi ya saa moja kwa siku, na kwamba ikipungua ni bora. Watoto wetu wengi huimaliza saa hiyo nyumbani, mbele ya runinga na simu ya mama. Je, chekechea nayo iwaongezee nyingine?

6. Roboti hana dhamiri, mtoto anayo

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya ufundi hulipita haraka, nami kama mlezi siwezi kulinyamazia. Katika mchezo wa roboti, mtoto hufundishwa mambo mawili: kutoa agizo lililo wazi, na kulitii agizo bila kuhoji. La kwanza ni jema siku zote. La pili ni jema ndani ya mchezo tu.

Kwa hiyo namshauri mwalimu, kila mchezo unapokwisha, awaketishe watoto na kuwauliza: "Kama agizo lingemwambia roboti amkanyage mwenzake, roboti angefanya nini?" Watajibu kwamba angekanyaga, maana roboti hajui. "Na wewe je?" Hapo mtoto wa miaka mitano, pengine kwa mara ya kwanza, hutofautisha chombo na mtu. Mashine hutekeleza, mtu hupima kwanza iwapo linalotekelezwa ni jema. Falsafa ndefu ya utashi na dhamiri tuliyoisoma kwa miaka kadhaa, mtoto anaipata pembeni mwa visanduku vya mchangani.

Hili si dogo. Watoto hawa watakua katika dunia ambamo programu zinaamua nani apewe mkopo, habari ipi imfikie nani, na mgonjwa yupi aangaliwe kwanza. Baadhi yao wataziandika programu hizo. Wote wataishi chini yake. Anayejua tangu utotoni kwamba nyuma ya kila mashine kuna mtu aliyepanga hatua, na kwamba mtu huyo aweza kukosea au kudhulumu, hatainamia kompyuta kama sanamu. Atauliza: nani kapanga? Kwa faida ya nani? Tulivyolitafuta kosa katika kadi zile, mbona tusilitafute hapa?

7. Pingamizi mbili

Kwanza, wapo wanaosema: "Padre, mtoto wa tajiri atakuwa na kishikwambi, wa maskini atabaki na kokoto. Huo si ubaguzi?" Pingamizi hili lina uzito, na ninaliheshimu. Kama ningesema watoto wa maskini wasiwahi kugusa kompyuta, ningekuwa mdhalimu. Lakini fikirini: kishikwambi kilichonunuliwa kwa michango ya wajane, kikafungiwa ofisini kwa sababu ya wizi, kikakosa chaji umeme ukikatika, kikafa baada ya miaka michache, kimempunguzia nani umaskini? Usawa wa kweli ni mtoto wa maskini afike darasa la tatu au la nne, mahali atakapoikuta kompyuta, akiwa tayari anajua kuvunja tatizo, kupanga hatua na kutafuta kosa bila woga. Huyo atajifunza programu kwa miezi michache. Aliyezoea kugonga picha ataendelea kugonga.

Pili, wapo wanaosema: "Kwanza wajue kusoma, haya mengine ni anasa." Nami najibu kwamba stadi hizi hazigombani. Mtoto anayesimulia hadithi kwa mpangilio wa kwanza, kisha, mwishowe, anajiandaa kusoma kwa ufahamu. Anayeunganisha silabi "ba" na "ba" akapata neno, ametambua kwamba vipande vidogo hujenga kitu kikubwa. Kwa hiyo mwalimu hapaswi kuiba saa ya kusoma ili aweke michezo hii. Aingize namna hii ya kufikiri ndani ya kusoma, kuhesabu, kuimba na hata kufagia darasa.

8. Basi tufanye nini?

Napendekeza mambo manne kwa kamati za shule, walimu na wazazi. Kwanza, kabla ya kuorodhesha vifaa, tuulize mwalimu wa chekechea analipwa nini, ana watoto wangapi, na mara ya mwisho alihudhuria mafunzo lini. Mwalimu mmoja mwenye watoto themanini hawezi kuuliza maswali manne niliyoyataja, atabaki kunyamazisha. Pili, fedha kidogo inunue kadi ngumu, chaki, shanga, kamba na mbegu. Tatu, wazee wa mtaa waalikwe shuleni kufundisha bao na mdako, na akina mama kusuka ukili pamoja na watoto. Hawatadai ada, na watoto watajua kwamba akili haikuanzia dukani. Nne, nyumbani, mzazi amwambie mtoto apange hatua za kuandaa chai, kisha azifuate kama zilivyosemwa. Mtoto akisahau kusema "washa jiko", basi jiko lisiwashwe. Mtacheka wote, naye hatasahau tena.

Madarasa ya juu yakipata kompyuta, heri. Zipo programu nzuri kwa watoto, kama ScratchJr iliyotolewa mwaka 2014 kwa ajili ya wenye miaka mitano hadi saba, ambayo haina malipo na humwezesha mtoto kutunga hadithi yake mwenyewe. Hizo zitawafaa wale ambao mchanga umekwisha kuwaandaa.

Nabii Zekaria, alipotaka kuwaonesha watu wake mji uliorudishiwa amani, aliwapa picha ya njia zilizojaa wavulana na wasichana wanaocheza, huku wazee wakiwa wameketi humo na mikongojo yao. Wazee na watoto, mahali pamoja, na mchezo katikati. Ningependa kuona viwanja vya chekechea zetu vikiwa hivyo: babu na kete zake, mtoto na swali lake, na mwalimu asiye na haraka ya kulijibu.



Padre wenu